Sketi bado haifungi, na nimeanza kufikiria kumwachisha mtoto ziwa

Shikamoo dada,

Nina miaka 31 na watoto wawili. Wa pili ana miezi mitano na wiki moja, nilijifungua kwa upasuaji. Kabla ya mimba hii nilikuwa na kilo 64. Siku naingia hospitali nilikuwa na 80. Wiki mbili baadaye mzani ukasoma 72, nikafurahi sana, nikajua kazi imekwisha. Jana ulisoma 74. Leo asubuhi 74 na nusu. Ndiyo, napima kila siku, na siku nyingine napima tena jioni nikishamlaza mtoto.

Kwa mtoto wa kwanza sikuhangaika. Kila mtu aliniambia, "Wewe nyonyesha tu, mwili utayeyuka wenyewe," na kweli uliyeyuka. Miezi minne haikuisha nguo zangu zote zikawa zinanienea. Safari hii nanyonyesha vilevile, mtoto hajaonja kitu kingine, na naongezeka. Kuna sketi ya bluu nimeitundika kwenye mlango wa kabati. Kila Jumapili naijaribu. Nalala chali kitandani, navuta tumbo ndani, zipu inafika nusu inagoma. Jumapili iliyopita kishikizo cha zipu kilibaki mkononi mwangu.

Mume wangu si mtu wa kusema vibaya. Ila mwezi uliopita tulikuwa tunaangalia picha za zamani kwenye simu yake, akafika kwenye picha yangu moja, akacheka, akasema, "Huyu msichana alienda wapi?" Nami nikacheka. Halafu nikaenda bafuni nikafungulia maji ili asinisikie.

Wifi yangu anaolewa baada ya wiki tisa. Nimo kwenye kundi la wanaomsindikiza bibi harusi na tutavaa nguo za kufanana. Fundi alipoomba vipimo nikampelekea vya zamani. Nilijiambia mpaka siku hiyo nitakuwa nimeshapungua.

Sasa dada, nina shoga yangu anauza chai ya kukata tumbo na vidonge vya kupunguza mwili. Vidonge alinikatalia mwenyewe, akasema haviendi na kunyonyesha. Ushauri wake ni kwamba mtoto akitimiza miezi sita nimwachishe ziwa, nianze "programu", na ndani ya miezi miwili nitarudi nilivyokuwa. Chai akanipa nianze nayo maana "ni majani tu". Niliinywa siku tatu. Niliharisha, tumbo likaninyonga, na siku ya tatu mtoto naye akapata choo laini na kulia usiku kucha. Niliacha. Hakuna anayejua. Pakiti nimeificha kwenye droo chini ya nguo.

Kuhusu kula, najitahidi sana. Asubuhi nakunywa chai tupu. Mchana namalizia alichobakiza mkubwa. Tatizo ni usiku. Saa nne wakishalala wote, nasimama jikoni hata taa siwashi, nakula chochote kilichopo, nikimaliza najichukia. Mama mkwe anasema nikijinyima maziwa yatakauka. Mtoto anaamka mara tatu au nne kila usiku. Nimechoka, nywele zinatoka kwa mafungu, nasikia baridi wakati wenzangu wanalalamika joto, lakini nadhani ndiyo ulezi. Labda niseme pia kwamba nilichoma sindano ya uzazi wa mpango wiki ya sita, na juzi nimechoma ya pili.

Kuna siku nilipitia simu yangu. Nina picha za mtoto zaidi ya mia mbili. Mimi nimo kwenye moja tu, na ni mkono umeshika soksi.

Nikimwachisha akifika miezi sita nitakuwa mama mbaya? Au nivumilie nibaki hivi mpaka atakapoacha mwenyewe?

Mama wa Wawili

*

Marahaba mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona swali uliloniuliza, yaani maziwa ya mtoto au mwili wako, chagua kimoja. Mara ya pili nikaona vitu ulivyovipitia haraka kama mtu anayepita mlangoni kwa jirani asitake kuitwa: baridi, sindano, jiko lisilowashwa taa, mkono na soksi. Nitajibu swali, lakini hivyo vingine siwezi kuviacha.

Tuanze na hesabu ya kilo, maana ndiyo inayokulaza macho kabla hata mtoto hajakuamsha. Mimba ilikuongezea kilo 16. Mwongozo unaotumika Marekani tangu mwaka 2009 unasema mwanamke aliyeanza mimba akiwa na uzito wa kawaida anatarajiwa kuongezeka kati ya kilo 11.5 na 16, kwa hiyo kama kilo 64 ni uzito unaofaa kwa urefu wako, hukuvuka mpaka. Zile kilo nane zilizotoka ndani ya wiki mbili hazikuwa mafuta. Mtoto alikuwa na zake tatu na ushee, kondo la nyuma zaidi ya nusu kilo, maji ya uzazi karibu kilo moja, na yaliyobaki ni damu na maji ambayo mwili uliyabeba kwa ajili ya mimba na kuyatoa kwa jasho na mkojo. Hata mfuko wa uzazi, unaokaribia kilo nzima saa chache baada ya kujifungua, unanywea mpaka chini ya gramu 100 ndani ya wiki sita. Ulichofurahia ni mzigo kushushwa. Safari ya mafuta ilianzia kwenye ile 72.

Na ile nusu kilo ya jana na leo naomba uisamehe. Ili mwili ujenge nusu kilo ya mafuta usiku mmoja ungepaswa kula kalori kama 3,500 juu ya mahitaji yako yote ya siku. Hukula hivyo, hata gizani. Ni maji, ni choo, ni matiti yaliyojaa alfajiri. Mzani unaopandwa mara mbili kwa siku unapima zaidi ulivyokunywa na ulivyoenda haja kuliko unavyonenepa. Kuna wanaopima mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, wakapata picha ya kweli zaidi. Kuna wanaoufungia kabatini kabisa kwa mwezi, nao sijaona wakipata hasara.

Sasa hilo la "nyonyesha tu, utayeyuka". Lina ukweli ndani yake, ila walikupa nusu yake. Kutengeneza maziwa ya mtoto asiyekula kingine kunatumia kalori zinazokaribia 500 kwa siku. Nusu ya pili ni kwamba mwili unazidai zirudi, na unazidai kwa njaa. Wapo wanaopungua, wapo wanaobaki palepale, wapo wanaoongezeka, wote wananyonyesha. Na ulipokuwa na mmoja, naye akilala ulilala. Leo akilala mdogo, mkubwa anataka kuvalishwa viatu.

Kwa hiyo nakuuliza, bila kukutega: ukimwachisha ziwa, ni nini hasa unategemea kitabadilika? Zile kalori 500 hazitatumika tena. Njaa huenda ikabaki kwa muda. Usiku mtoto ataamka vilevile. Kitakachobadilika ni kwamba njia ya vidonge itakuwa wazi, na nina wasiwasi kuwa hiyo ndiyo iliyofanya maziwa yaonekane ni kizuizi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye bila kingine miezi sita, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka miwili au zaidi. Huo ni ushauri, si hukumu. Wanawake wanaacha mapema kwa sababu za kazi, za dawa, za maumivu, za kuchoka tu, na watoto wao wanawaita mama kama wengine. Ukifika mahali ukaamua kuacha, acha polepole, ukipunguza nyonyesho moja moja kwa siku kadhaa, maana kukata ghafla kunaleta matiti kujaa na hata kuvimba kwa maambukizi, na wengine hisia zinawaanguka vibaya. Ningependa tu sababu iwe yako, isiwe ya mtu mwenye bidhaa ya kuuza.

Maana hayo mawili, maziwa na mwili, hayapigani kama ulivyoambiwa. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa wanawake wenye uzito uliozidi waliokuwa wakinyonyesha. Walipunguza kalori kama 500 kwa siku na kufanya mazoezi ya dakika 45, siku nne kwa wiki, kwa wiki kumi. Walipungua karibu nusu kilo kwa wiki, na watoto wao walikua sawa na watoto wa wale ambao hawakubadilisha kitu. Mama mkwe wako basi hajakosea kabisa wala hajapatia kabisa. Maziwa yanafuata kunyonya kwa mtoto, hayakauki kwa sababu mama kapunguza sahani kiasi. Kinachoharibu ni kujinyima kupita kiasi. Wataalamu wengi hawapendi mama anayenyonyesha ashuke chini ya kalori 1,800 hivi kwa siku, na zile njia za kukata wanga wote kabisa zimewahi kuwapeleka akina mama wanaonyonyesha hospitali, damu ikiwa imejaa asidi.

Ukipiga hesabu kwa mwendo ule, wiki tisa ni kilo nne na nusu, tena hao walikuwa na watu wa kuwaongoza kila hatua. Sketi ya bluu haimo humo. Nakwambia mapema ili Jumapili zisiendelee kukupiga.

Fundi nenda kamwone wiki hii. Nasema kwa uzoefu: fundi hashangazwi na mwili wa mtu, anashangazwa na mtu anayekuja siku mbili kabla ya harusi. Akupime ulivyo leo na aache kitambaa cha kutosha kwenye mishono. Ukipungua atabana dakika ishirini, usipopungua utakaa, utacheza na utanyonyesha ukiwa ndani ya nguo inayokuacha upumue. Mwambie pia akuwekee mahali pa kufungua kifuani. Hilo wengi wanalikumbuka wakiwa ukumbini, mtoto analia.

Chai ya shoga yako sijaiona, lakini nyingi za aina hiyo kiungo chake kikuu ni sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana. Chakula kinapofika huko, mwili umeshachukua kalori zake kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo unachokitoa kwa maumivu yale ni maji na chumvi, na mzani unakusifia asubuhi, kesho kutwa unakuumbua. Mtoto wako kupata choo laini kunaweza kuwa ni chai na kunaweza kuwa ni kitu kingine kabisa. Watoto wa umri huo wana sababu nyingi. Usijibebeshe kesi ambayo haina ushahidi. Ulianza, ukaona mtoto hayuko sawa, ukaacha. Huyo si mama mzembe.

Vidonge vinanitia hofu zaidi. Kuna dawa iitwayo sibutramine iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Hadi leo wakaguzi wanaikuta imechanganywa kimyakimya kwenye bidhaa za kupunguza mwili zilizoandikwa "asilia tupu". Shoga yako huenda hajui kilichomo, na ninaamini anakupenda. Lakini kutokujua kwake hakutaulinda moyo wako, unanyonyesha au hunyonyeshi.

Sasa twende jikoni saa nne usiku. Umeniandikia kuhusu kula huko kama mtu anayekiri dhambi. Mimi nimeona mwanamke anayetengeneza chakula cha binadamu mwingine kutwa nzima kwa chai tupu na makombo, halafu saa nne mwili unakuja kudai deni lake lote kwa mpigo. Kila unapolipa unajichukia, na kesho unajinyima zaidi ili kufidia. Ndiyo maana sidhani dawa yako iko kwenye kujikaza usiku. Wengine wakiwa hapo walipogeukia asubuhi ndipo mambo yalipolegea: yai, maharage, maziwa au samaki, kitu chenye protini kinachokaa tumboni, nafaka isiyokobolewa sana, tunda. Mchana sahani yako mwenyewe, umekaa kwenye kiti. Hatari yake nikwambie wazi, wiki ya kwanza utahisi unakula kupita kiasi na mzani unaweza kukutisha, kwa sababu usiku hautatulia siku hiyohiyo. Inahitaji uvumilivu ambao mtu aliyechoka hana mwingi. Na taa washa.

Usingizi nao uko ndani ya hesabu hii. Mwili uliokoseshwa usingizi unaongeza homoni ya njaa na kupunguza ile ya shibe. Utafiti mmoja wa mwaka 2008 ulikuta kuwa akina mama waliokuwa wakilala kwa jumla ya saa tano au pungufu kwa siku mtoto alipofika miezi sita, ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki na kilo tano au zaidi za mimba mwaka ulipotimia. Siwezi kumwambia mtoto wako alale. Ninachouliza ni nani mwingine ndani ya nyumba ana mikono. Kunyonyesha ni kwako, lakini kumcheulisha, kumbadilisha na kumbembeleza arudi kulala hakuhitaji ziwa. Kwa mara nne za usiku, mara moja ikichukuliwa na baba yake kwa maziwa uliyokamua, unapata kipande kirefu cha usingizi.

Mazoezi nitayapita haraka. Mshono wako una tabaka nyingi kuliko huo mstari unaouona kwa nje, kwa hiyo kabla ya kuruka na kukimbia, upimwe tumbo. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, na bonyeza vidole juu ya kitovu: ikiwa vidole viwili au zaidi vinazama katikati ya misuli, misuli haijakutana bado, na yale mazoezi ya kuinuka na kulala yanaweza kuzidisha tumbo kutokeza. Hapo mtaalamu wa viungo ndiye wa kumwona, hasa kama ukikohoa mkojo unaponyoka. Mkanda wa tumbo unashikilia, hauchomi mafuta. Kutembea unaweza kuanza leo. Dakika ishirini kila siku na mtoto kifuani zinakaribia zile 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja.

Nirudi kwenye uliyoyataja kwa mguu mmoja. Sindano ya miezi mitatu inawaongeza uzito baadhi ya wanawake, si wote, na anayeongezeka sana miezi sita ya mwanzo mara nyingi huendelea kuongezeka. Wewe uliongezeka baada ya wiki ya sita, au kabla? Jaribu kukumbuka, kisha ukamuulize aliyekuchoma kuhusu njia nyingine. Usiiache tu ukitegemea kunyonyesha: kunyonyesha kunakinga mimba vizuri pale tu mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya bila kingine, na hedhi haijarudi, na wewe miezi sita unaigonga hodi. Baridi, uchovu na uzito usioelezeka vinaweza kuwa ulezi, kama ulivyosema, na nywele kutoka miezi hii ni jambo la kawaida. Lakini pia kuna hitilafu ya tezi ya shingo inayowapata wanawake kama 5 hadi 10 katika kila 100 ndani ya mwaka wa kwanza, na kuna upungufu wa damu baada ya upasuaji. Vyote viwili vinaonekana kwa kipimo cha damu. Ikiwa ni kimojawapo, umekuwa ukijilaumu kwa kosa la tezi.

Na kuna bafuni. Sijui kama ni huzuni ya siku ile au imekaa. Tangu mwaka 1987 kuna maswali kumi ambayo wahudumu wengi huwauliza akina mama baada ya kujifungua, kuhusu kucheka, hofu, usingizi, kujilaumu. Omba uulizwe. Ikiwa siku nyingi za wiki mbili zilizopita zimekuwa nzito, au ukijikuta unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo na mtu wa kukusindikiza.

Mume wako alisema, "Huyu msichana alienda wapi?" Wewe ulisikia kiuno. Huenda ndicho alichomaanisha. Huenda pia alimkosa yule aliyekuwa na muda wa kukaa naye kuangalia picha. Simjui, na wewe hujamuuliza, kwa sababu ulicheka. Unaweza kuliacha lipite, na kuna siku linaweza kupita kweli. Unaweza kumwambia, mchana, mtoto akiwa ameshiba: "Siku ile uliposema vile, nilienda kulia." Anaweza kujitetea kwamba alikuwa anatania, wanaume wengi huanza hapo. Mpe muda apite hapo. Na kama baada ya hapo atakuuliza afanye nini, una majibu mawili tayari: achukue zamu moja ya usiku, na ashike simu akupige picha na mtoto, mzima, si mkono.

Pakiti usiitupe bado. Siku ya kliniki iweke kwenye mkoba pamoja na kadi ya mtoto, waoneshe maandishi ya nyuma, na uwaambie uliinywa siku tatu na ilikuwa lini.